Ulinganisho: Fallout 3, New Vegas, Fallout 4 na S.T.A.L.K.E.R., nianze na ipi?

Kidudumtu

Heshima kwenu wakuu. Nimecheza gemu za risasi miaka mingi, lakini zile za mbio mbio: mnaingia uwanjani, mnauana dakika 10, mnatoka, kesho tena. Nimechoka. Sasa nataka gemu ya kukaa nayo miezi. Dunia iwe imeshaungua kwa nyuklia, ramani iwe wazi, bunduki ziwepo, ila na mimi niwe mtu mwenye sifa zangu na maamuzi yangu, nisiwe kidole cha kufyatulia tu.

Nimepitapita huku na kule nikabaki na hizo nne. Hali yangu: kompyuta ni ya makamo, kadi ya michoro si ya kujivunia. Nacheza saa moja usiku, mbili nikibahatika. Na nacheza peke yangu, sitaki wageni ndani ya dunia yangu.

Swali la uchokozi: New Vegas ni ya 2010. Ni kweli bado inazipita za baadaye, au ni wazee tu wanaulilia ujana wao?

Babu_wa_Mojave

Mjukuu, hapo kwenye wazee nimekusikia.

Nianze na linaloniuma mwenyewe. Ukishika bunduki New Vegas mara ya kwanza utacheka. Mkono unatetemeka, adui anameza risasi kama karanga, na sura za watu ni kama zimechongwa kwa shoka. Sibishi. Obsidian waliitengeneza kwa takriban miezi 18 juu ya injini ile ile ya Fallout 3, na haraka hiyo inaonekana.

Lakini umesema hutaki kuwa kidole cha kufyatulia. Basi nikuonyeshe kijiji cha kwanza tu, Goodsprings. Umepigwa risasi ya kichwa, umefukiwa, daktari wa kijiji amekushona. Unatoka nje, unakuta majambazi wanamtaka mtu mmoja aliyejificha pale, na wanakitishia kijiji kizima. Ukiamua kukitetea, unazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta msaada. Una pointi 25 za milipuko? Mzee Easy Pete anakubali kutoa baruti zake. Una 25 za tiba? Daktari anaongeza dawa. Una 25 za biashara? Chet wa dukani, mchoyo yule, analegea na kutoa vifaa bila malipo. Huna hata moja? Mtapigana hivyo hivyo. Au unageuka, unaungana na majambazi na kukiteka kijiji kilichokushona kichwa. Gemu haikuzuii wala haikunyooshei kidole, ila wanakijiji hawatakusahau.

Hiyo ni saa ya kwanza. Mbele kuna Bwawa la Hoover, na pande zinazoligombania: NCR (jamhuri iliyotoka California), jeshi la Caesar, Mr. House anayeitawala Vegas, au wewe mwenyewe ukimtumia roboti anayekubali kila kitu. Hakuna upande wa malaika. Mimi nimeimaliza mara tano na bado kuna mlango mmoja huwa nasita kuufungua.

FundiChuma

Babu, heshima yako, ila umemuuzia kijana mazungumzo. Gemu hujamuuzia bado.

Kidudumtu, umetoka kwenye gemu za risasi, mikono yako imezoea. Fallout 4 (2015) ndiyo pekee kati ya Fallout hizo tatu ambapo kupiga risasi kunanoga kwenyewe. Bunduki ina uzito, adui anayumba ukimpiga mguu. Hata VATS, ule mfumo wa kulenga kiungo kimoja kimoja, umebadilika: kwenye 3 na New Vegas dunia inasimama kabisa unapochagua, kwenye 4 inaenda pole pole tu. Jitu linaendelea kukukimbilia huku unahesabu asilimia. Jasho linatoka.

Halafu kuna uchafu. Nasema uchafu kwa mapenzi. Kwenye gemu nyingine kopo tupu ni pambo. Kwenye Fallout 4 kopo ni alumini, feni ya mezani ni skrubu, na gundi ni dhahabu, kwa sababu karibu kila kifaa cha kuboresha bunduki kinaidai. Nakupa siri ambayo ingeniokolea wiki mbili: panda mahindi, matunda ya mutfruit na tato kwenye makazi yako. Tatu tatu ya kila kimoja na maji safi moja, nenda kwenye jiko, pika wanga wa mboga. Huo ukivunjwa unatoa gundi tano. Tangu siku hiyo sijawahi kuokota utepe wa gundi kwa shida.

Ubaya wake nausema mwenyewe kabla Babu hajausema. Mazungumzo yana majibu manne tu kila mara, na mara nyingi ni ndiyo, ndiyo kwa kejeli, nieleze zaidi, na sitaki kwa sasa. Na yule Preston Garvey hachoki kukutuma kwenda kuokoa makazi mengine.

Babu_wa_Mojave

Umesahau kusema wanakupa vazi la chuma na bunduki kubwa ya mtutu wa kuzunguka ndani ya saa moja, kisha wanakuletea Deathclaw umuue. Mnyama ambaye New Vegas tunamkimbia hadi levo ya 20! Mkimpa mtu nyama ya sikukuu siku ya kwanza, siku ya pili atakula nini?

FundiChuma

Hapo umenipata Babu. Pale Concord, kwenye mapambano hayo ya mwanzo, walikosea.

Bi_Rungu

Nyie mabwana mnabishana kuhusu bunduki, mwenzenu ameshasema ana saa moja usiku. Hilo ndilo la kwanza kupima.

Fallout 4 ina daraja la ugumu liitwalo Survival, liliingizwa upya 2016, na mtandaoni kila mtu atakwambia ndiyo namna halisi ya kuicheza. Ni tamu, kweli. Njaa, kiu, magonjwa, risasi zina uzito, hakuna kuruka ramani kwenda mbali isipokuwa mbinu mbili tatu baadaye sana. Lakini kusevu ni kwa kulala tu. Umeelewa? Bila kitanda hakuna kusevu. Nilitembea dakika 45 nikisafisha kiwanda, begi limejaa, naona kabisa godoro kwenye chumba cha mwisho, jambazi mmoja juu ya ngazi akanirushia chupa ya moto. Nikarudi nilikoamka. Nilizima kompyuta nikakaa gizani kidogo. Mtu wa saa moja usiku asiguse Survival. Acheze daraja la kawaida.

New Vegas nayo ina Hardcore, na hiyo ni ya kistaarabu. Kula, kunywa, lala. Risasi zina uzito. Dawa ya kuchoma inaponya taratibu badala ya papo hapo. Kiungo kikivunjika unahitaji begi la daktari. Rafiki yako akifa amekufa. Ila unasevu popote unapotaka. Hapo kwa ratiba yako New Vegas inashinda bila hata kugusa hadithi.

Na ukianza yoyote kati ya hizi, usitumie kitufe cha kusevu haraka peke yake. Mimi nilikibonyeza sekunde ile ile guruneti ilipotua miguuni. Kila nikilodi, naamka, nalipuka. Naamka, nalipuka. Kosa langu mwenyewe, sikuwa na kumbukumbu nyingine ila ya saa sita nyuma. Weka tatu nne tofauti.

Mzuka_wa_Zoni

Naona hakuna anayeisemea S.T.A.L.K.E.R., acha niiseme, tena nianze kwa kumkatisha tamaa.

Kidudumtu, ukitaka levo na pointi za sifa, huku hakuna. Hakuna kuongeza nguvu wala ulimi. Kinachokua ni wewe unayecheza, na vifaa ulivyovaa. Shadow of Chernobyl ilitoka 2007, kazi ya GSC Game World wa Ukraine, na hofu yake inatoka kwenye mahali penyewe: kinu cha nyuklia cha Chernobyl, mji wa Pripyat, misitu iliyoachwa. Eneo hilo lililofungwa tunaliita Zoni. Kwa mashabiki wa Fallout dunia imeungua yote na kuna vichekesho ndani yake. Kwetu dunia nzima iko salama nje ya uzio. Ni wewe uliyeingia kwa tamaa zako.

Utembeaji wake ni hivi. Mfukoni una boliti. Mbele kuna uwazi wa nyasi tu, hakuna kitu. Unarusha boliti. Inapita. Unasogea hatua tatu, unarusha tena, safari hii hewa inaivuta na kuipasua. Unajua sasa mahali pa kutokanyaga. Wakati huo kipima mionzi kinakatakata sikioni, na nyuma ya ghala kuna mbwa, na hujui wamekuona au bado. Ukinyonya mionzi unakunywa vodka ikushuke, ila kwa muda skrini inakuyumbia, na bunduki nayo.

Wanaoipenda wanapenda pia kwamba hakuna anayekuhitaji. Watu wa Zoni wana mambo yao, wanapigana na wanyama hata usipokuwepo; unafika unakuta maiti na moto unawaka bado.

Ubaya: bunduki zinachakaa na kwenye hiyo ya kwanza hakuna fundi wa kuzitengeneza, unatupa na kuokota nyingine. Call of Pripyat ina mafundi na imetulia zaidi, mimi ningeanzisha mgeni pale. S.T.A.L.K.E.R. 2 ya Novemba 2024 ni nzuri kwa macho lakini kwa kompyuta uliyoieleza, iache ipite.

Bi_Rungu

Mzuka, umeieleza vizuri hadi naogopa. Ila yeye ameomba mtu mwenye sifa na maamuzi. Hiyo ni gemu ya pili kwake, si ya kwanza.

Mzuka_wa_Zoni

Nakubali dada. Ya pili. Lakini ataikumbuka kuliko ya kwanza.

Kidudumtu

Asanteni sana wote, nasoma mara mbili mbili. Ila naona Fallout 3 mmeiruka kama marehemu. Ina kasoro gani?

Kimya_Kingi

Haina kasoro ya kuiruka. 2008, magofu ya Washington, unatoka chini ya ardhi macho yakiwa yamefungwa na mwanga, halafu mbele yako hakuna mshale wenye haraka. Uvivu ule wa kutembea bila kazi, kuingia nyumba iliyobomoka na kukuta mifupa miwili kitandani imekumbatiana, hakuna kati ya hizi inayoufikia. New Vegas inakuelekeza barabara. Fallout 3 inakuacha.

Ila hadithi yenyewe, ya kumtafuta baba, ni nyembamba. Katikati ya jiji unapita mahandaki ya treni yanayofanana hadi unachoka. Na ushawishi kule ni bahati nasibu: unaona asilimia 38, unajaribu, ukishindwa unalodi hadi ikubali. New Vegas walirekebisha hilo, una pointi au huna, na ukilazimisha bila pointi mhusika wako anasema upuuzi wa kuchekesha.

FundiChuma

Kuna modi (nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki), Tale of Two Wastelands, inaiingiza Fallout 3 nzima ndani ya New Vegas, mhusika mmoja ramani mbili. Lazima uwe na zote mbili. Ila si ya siku ya kwanza.

Kimya_Kingi

Na kuhusu Fallout 76, kabla mtu hajaitaja: inadai intaneti muda wote na watu wengine wamo ndani. Amesema hataki.

Babu_wa_Mojave

Kidudumtu, ukiichagua ya kwangu, kabla ya yote weka ile programu ndogo inayoiruhusu kutumia kumbukumbu ya kompyuta (RAM) ya GB 4. Ni ya biti 32, bila hiyo inakomea GB 2, na ikishiba inajifunga katikati ya vita. Mambo mengine ya urembo achana nayo kwanza. Pointi zako za mwanzo tia kwenye ushawishi na bunduki. Na ukitoka Goodsprings nenda kusini, Primm, hata kama unaona taa za Vegas kaskazini zinakukonyeza. Kusini. Nimesema kusini.

Kidudumtu

Wakuu, mrejesho wa siku tatu.

Nimechagua New Vegas, Hardcore, kwa sababu ya Bi Rungu na saa yangu moja. Kijiji nilikitetea. Pointi za tiba zilinitosha, baruti sikupewa. Bunduki ni mbaya kama Babu alivyokiri, siku ya pili nikaacha kuona.

Sasa la kukiri. Nilitoka Goodsprings usiku, nikaona zile taa kule mbali. Nikasema barabara kuu ile pale, imenyooka, nitatembea kando kando nimeinama. Pale Sloan msimamizi wa machimbo akaniambia mbele kuna Deathclaw, nirudi. Nikamwona mwoga. Nikapita pembeni ya shimo la mawe, kimya kabisa, nikaona kitu kimesimama juu ya kokoto kama mti. Mti ukageuka.

Makofi mawili. La pili sikuliona.

Kumbukumbu niliyonayo ya karibu niliisevu pale pale, nyuma ya jiwe, sijaonekana bado. Nyingine ni ya kijijini, saa mbili nyuma. Nina risasi 11, dawa moja ya kuchoma na chupa ya maji machafu. Kuna namna ya kutoka hapo, au nirudi kijijini?

Babu_wa_Mojave

Kaa hivyo hivyo umeinama, usiguse bunduki. Yuko upande gani wa jiwe?