Tupeane uzoefu: uliwahi kutengwa kazini, au wewe ndo ulimtenga mwenzio?

Mama Junior: Wakuu leo nimeona tangazo la kazi "wenye ulemavu wanahimizwa kuomba" nikakumbuka ofisi yetu ya zamani, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Dada wa mahesabu anatembelea magongo, alikuwa hanywi maji asubuhi ili asishuke chooni. Tuliona, tukanyamaza. Leteni zenu.

Shabani T: Kwetu ni maombi. Wanaomba saa moja na nusu, sie Waislamu watatu tunasubiri nje, wakitoka ovataimu zimeshagawiwa hukohuko ndani.

Mteule: Kampuni ya Mkristo hiyo, ulitaka waombe saa ngapi?

Shabani T: Nani kakataza maombi? Naongelea ovataimu.

Storkipa: Shabani umenitonesha kidonda. Mimi ndo nilikuwa naongoza maombi ghalani kwetu, tukisema amina tu msimamizi anagawa kazi kwa mdomo. Kulikuwa na kijana kiziwi, tukifumba macho naye anafumba, tukifumbua anamfuata yeyote aliye karibu. Siku hiyo msimamizi alisema mlango wa nyuma usipitwe, folklifti inapakia. Yeye akapita. Mashine inarudi nyuma inapiga alamu, sisi tunapiga kelele toka toka, watu kumi tunamwita kiziwi!! Ikambana mguu. Hospitali akaomba kalamu akaandika: "kila siku mkimaliza kuomba huwa mnasema nini?" Sikulala. Nikafungua Matendo 6, wajane wa Kiyunani wanasahaulika kwenye huduma ya kila siku, na mitume hawakuwaambia waombe zaidi, walisema wachaguliwe watu saba wasimamie mgao. Sasa hivi kazi zinaandikwa ubaoni kabla ya maombi.

Dada K: 😭😭 Yakobo 2 kabisa, upendeleo ni dhambi.

Mteule: Ila ghala siyo sehemu ya kiziwi jamani.

Dada K: Mteule acha. Taa ya kuwaka na kuzima kwenye folklifti ingetosha.

Mzee wa Kanuni: Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 hapa Tanzania inasema mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Shabani nenda CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, ubaguzi wa dini umekatazwa tangu sheria ya ajira ya 2004.

Mama Junior: Asiende popote kwanza, aongee na anayeongoza maombi. Storkipa, kijana yuko wapi?

Storkipa: Mguu ulipona. Hakurudi, kaka yake ndo alikuja kuchukua buti zake.