Naomba ushauri: nimebadilisha madabodi, sasa kompyuta inadai ufunguo

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kondele, Kisumu. Mwalimu mmoja ameniletea kompyuta ya mezani. Stima ilirudi kwa nguvu ikaua madabodi (ile bodi kuu ya ndani). Nimeweka nyingine ya modeli ileile, inawaka vizuri, lakini BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga data ya diski, inaleta skrini ya buluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Najua chipu ya TPM iliyoshika siri ya kufungulia diski imeenda na madabodi ya zamani. Mwalimu hakumbuki akaunti yake ya Microsoft, ambako ufunguo huenda ulihifadhiwa, na humo ndani mna alama za wanafunzi wake wote. Kufomati, yaani kufuta diski yote, sitaki kabisa! Ufunguo niutafute wapi kwingine? Pia nambari ya utambulisho ya kompyuta kwenye BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya madabodi) haifanani tena na stika ya kasha. Mnairekebishaje?