Mahujaji 46 kutoka Moshi kwenda Namugongo: niweke nini kwenye sanduku la dawa?

MamaKiborloni, 8 Mei

Habari za leo wadau. Naombeni ushauri kabla sijaharibu hela za watu.

Parokia yetu inakwenda hija Namugongo, Uganda, kwa ajili ya Siku ya Mashahidi, 3 Juni. Tuko 46, basi moja, tunatoka Moshi 31 Mei alfajiri kupitia Namanga, Nairobi, Busia. Mdogo kuliko wote ana miaka 9. Mkubwa ni mama mkwe wangu, 71, ambaye ameshaniambia akifia Namugongo nimwache huko huko. Kikao cha Jumapili kimenichagua mimi kuwa mtu wa afya, sababu eti niliwahi kumpakia mtu kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali ya Mawenzi alipozimia msibani. Ndiyo elimu yangu yote ya udaktari.

Nimepewa laki moja na nusu. Hadi sasa nimeandika: panado, flajili, ALu ya malaria dozi tano, dawa ya kufunga tumbo, ya kutapika, bandeji, spiriti. Mjumbe mmoja anataka kila mtu ameze ALu siku moja kabla, kama kinga. Mwingine anasema Kampala ni baridi kama kwetu, mbu hakuna, hela tununulie maji. Nani mkweli hapo?

Meku_wa_Machame

Nunua pilipili kichaa na mbege lita 20. Hakuna mdudu atakayevuka Namanga akiwa hai.

NesiMstaafu_Sakina

Meku, na wewe ukaandikwe kwenye orodha ya wagonjwa.

Mama Kiborloni, shikamoo kama umenizidi, na kama ni mwanangu basi marahaba. Nimekaa wodini miaka 31, na Namugongo nimekwenda mara tatu, mara mbili nikiwa nimebeba sanduku kama hilo lako. Naanza na mbu.

Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini haifiki 1,000. Kwa hiyo huyo mjumbe wa baridi hajadanganya kuhusu baridi, kadanganya kuhusu mbu. Uganda malaria ipo mwaka mzima, na ninyi mnafika mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaisha. Halafu watu wa mlimani miili yetu haijaizoea. Aliyekulia Muleba ameugua mara nyingi, mwili una kumbukumbu kidogo. Mtu mzima wa Kibosho ikimshika inamshika kama mtoto mchanga.

ALu si kinga, ni tiba. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne, masaa 8 vinne tena, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, na ameze akiwa amekula kitu chenye mafuta kidogo. Nimewahi kuona dozi moja ikigawiwa watu wanne ndani ya basi kama karanga. Wote wanne hawakupona, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa.

Kinga ya kumeza ipo, ila ni nyingine. Inayopatikana kirahisi ni doksisaiklini: kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari mpaka wiki nne baada ya kurudi. Hizo wiki nne ndizo zinazowashinda watu. Haimfai mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8, ukimeza ukalala hapo hapo inakuchoma koo, na jua linakubabua. Kwa hiyo haigawiwi kwa mistari ya viti. Anayeitaka amwone daktari wiki hii.

Mtalala wapi? Sisi tulilala madarasani. Vyandarua tulikuwa navyo, pa kuvifunga hapakuwepo, tukavifanya mito. Safari iliyofuata nilibeba kamba ya katani mita 40. Tulisimamisha madawati mawili kwa kichwa, kamba kutoka dawati hadi dirisha, chandarua kikaning'inia, pindo likachomekwa chini ya mkeka. Wanaokesha nje kwenye viwanja vya hija wavae soksi na mikono mirefu kuanzia magharibi, na wajipake dawa ya kufukuza mbu. Huyu wa malaria anang'ata usiku.

Sasa kuhusu sanduku lenyewe. Funga pochi kwanza, nunua daftari. Pita kwa kila mtu, nyumbani kwake si kanisani, maana kanisani hawasemi. Andika anameza dawa gani, ipi inamdhuru, simu ya mtu wa nyumbani. Safari yangu ya pili nilikuwa na sanduku lililojaa hadi halifungi. Tumepita Nakuru, mzee mmoja akaanza kutoka jasho na kutetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Mama wa nyuma yake akaanza kukemea pepo. Mimi napekua sanduku, napima joto, sijui hata natafuta nini. Mke wake alikuwa kakaa viti vya nyuma kabisa na wenzake wa kwaya. Alipofika mbele akasema, "Huyu asubuhi kachoma insulini, chai kaikataa." Kisa cha kukataa chai ni kuogopa kuomba basi lisimame. Soda ya mtoto wa kiti cha jirani ndiyo iliyomrudisha. Na insulini yenyewe? Kwenye begi, begi kwenye buti, chini ya masufuria, karibu na joto la injini. Za sukari, presha, pumu, za wanaotumia ARV, zote zikae mkobani mwa mwenyewe, na za siku tatu zaidi.

Chanjo ya homa ya manjano msiichezee. Uganda wanadai ile kadi ya njano, na mkirudi mnaweza kuulizwa mpakani. Inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo mwisho wenu ni tarehe 20 Mei. Aliyewahi kuchanjwa hahitaji tena, tangu 2016 kadi ni ya maisha. Lakini msiende kundi zima mkapanga foleni. Mama mkwe wako ana 71: aliyevuka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza lazima daktari amtazame kwanza, vilevile mjamzito, anayenyonyesha, mwenye mzio mkali wa mayai, na ambaye kinga yake imeshuka. Daktari akiona haimfai, kadi hiyo hiyo ina sehemu ya kuandikiwa msamaha.

Kuhara: ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, nyingi kuliko vyote. Pakiti moja kwa lita moja. Si kwa kikombe, si kwa chupa ya nusu lita "ili iwe kali". Dawa ya kufunga tumbo usimpe mwenye homa wala anayehara damu, huyo ni wa hospitali. Flajili iache dukani.

Konda_Mstaarabu

Nimepiga njia hiyo miaka minne. Naongezea kimoja ambacho nesi kakigusa. Kina mama hawanywi maji kutoka Arusha hadi Nairobi wakiogopa kuchimba dawa porini. Wakifika wanaumwa kichwa, mkojo unachoma, miguu imevimba kama viazi. Kubalianeni na dereva kabla hamjatoa advansi: kila masaa mawili na nusu, kituo cha mafuta chenye choo, watu wote wanashuka, hata wasiobanwa. Iandikwe kwenye mkataba, maana akishaingia barabarani anakuwa mfalme.

Na Kampala mtakutana na rolex. Si saa. Ni chapati imeviringishwa mayai. Tamu. Mwambie akukaangie mbele yako, na zile nyanya na kabichi mbichi aache. Mimi kabichi ile ilinilaza siku mbili.

MamaKiborloni, 10 Mei

Ahsanteni sana. Nesi, ni marahaba, nina 44. Nimeanza na daftari. Nyumba saba tu na nimeshapata wawili wa presha waliokuwa wameacha dawa "mpaka warudi", na mjamzito wa miezi minne ambaye hata mumewe hajui. Sijalala.

Swali moja. Mama mkwe anataka kunywa maji ya lile bwawa la Namugongo. Ana dumu la lita tano tayari, kalisugua kwa mchanga. Namwambiaje?

NesiMstaafu_Sakina

Usimwambie kitu kuhusu imani yake, utapoteza. Mwambie achote, aje nayo nyumbani, ayachemshe yatokote, ndipo anywe. Baraka haiungui. Mimi langu nililichemsha na padre alikuwepo, akaomba kikombe.

Ila wale vijana watakaotaka kupitia Entebbe kuogelea ziwani, hao wazuie. Ziwa Victoria lina kichocho.

Na kuna jambo nilitaka kulisahau, nalo ndilo linaloniuma. Kuna mama wa safari yangu ya kwanza, hakuumwa Uganda. Aliumwa siku ya 12 baada ya kurudi. Zahanati ya karibu na kwao ikamwambia huku juu malaria hakuna, ikamtibu taifodi siku tano. Hakuna aliyesema alikuwa Uganda, na yeye hakuulizwa. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshapoteza fahamu. Alipona, lakini alilazwa wiki tatu. Kila mmoja kwenye basi lako arudi na karatasi: "Nilikuwa Uganda, tarehe fulani. Nikipata homa nipimwe malaria siku hiyo hiyo." Wewe wapigie simu kila Jumapili kwa wiki sita.

MamaKiborloni, 10 Mei

Nimezichapa steshenari ya Double Road, karatasi 46. Mama mkwe kaibandika yake kwenye dumu.