Mrejesho: nyasi inayowasha kwenye mahindi

Wakuu, mlionijibu kuhusu ile nyasi inayochoma mikono wakati wa palizi, mrejesho huu hapa. Bwana shamba kaiangalia: ni Rottboellia cochinchinensis, nyasi ya msimu mmoja. Vile vinywele vikali vimejaa kwenye ala, pale jani linapokumbatia shina, na ndivyo vinavyokatikia kwenye ngozi. Chini ina mizizi ya kujishikiza kama ya mahindi, kwa hiyo ikiwa changa inachanganya kweli. Suke ni jembamba, la mviringo kama mkia wa panya. Likikomaa linapukutika pingili moja moja kuanzia juu, kila pingili na mbegu yake. Na balaa lenyewe linapukutika kabla hujavuna! Sasa tunang'oa kabla haijatoa suke, glavu mkononi.