Ushauri: 4294967297 si namba tasa, nitawaonyeshaje wanafunzi bila kompyuta?

mwl_mbale: Wadau, habari za leo. Klabu ya hisabati, S.3 (kidato cha tatu hapa Uganda). Nataka wahakikishe wenyewe kwamba 2³² + 1, yaani 4294967297, si tasa. Kipeuo chake cha pili kinapita 65536, na chini ya hapo kuna tasa 6542. Nani atazijaribu zote? Kuna njia ya mkato?

Hesabu_Jinja: Ipo, mwalimu. Mwanahisabati Fermat aliamini namba za aina hii (2 kwa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32…, ongeza 1) zote ni tasa, kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65537 ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler akaivunja hii yako mwaka 1732. Alionyesha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiwe 64k + 1, k ikiwa namba nzima. Baadaye mwanahisabati Lucas akabana zaidi, 128k + 1. Waandike: 129, 257, 385, 513, 641. Ondoa zisizo tasa, unabaki na 257 na 641 basi. 257 inaacha baki 2. 641 inaingia mara 6700417, bila baki.

Ubaoni usigawanye hata kidogo, fuata baki za 641. 2⁸ ni 256 (msimbo wetu wa simu, +256, hawatausahau). 256 × 256 = 65536; toa 641 × 102 = 65382, inabaki 154. Hiyo ndiyo baki ya 2¹⁶. 154 × 154 = 23716, na 641 × 37 = 23717. Yaani 2³² imepungukiwa na 1 tu. Ongeza 1, imegawanyika.

nukta_desimali: Wakitumia kalkuleta wawe macho. Waambie wagawanye 4294967297 kwa 4096. Kalkuleta ya tarakimu kumi itatoa 1048576, namba nzima kabisa, eti witiri imegawanyika kwa shufwa! Jibu halisi ni 1048576.000244…, ila kioo kimebakiwa na nafasi tatu za desimali, kikakata. Dawa ni kuzidisha kurudi nyuma: 1048576 × 4096 = 4294967296, imepungua 1.

Na atakayeandika programu asitumie namba za biti 32. Mwisho wake ni 4294967295, kwa hiyo namba hii inageuka kuwa 1. Biti 64 zinatosha.

mwl_mbale: Asanteni sana. Wataniuliza tu: na 6700417 yenyewe?

Hesabu_Jinja: Tasa. Kigawo chake ni kigawo cha ile kubwa pia, kwa hiyo sharti la 128k + 1 liko palepale. Kipeuo ni 2588 na kidogo, hivyo wajaribu 257, 641, 769, 1153 na 1409. Baki kwa mfuatano: 170, 44, 120, 334, 622. Wagawie kila kikundi moja; dakika tano nyingi.