Taimulapsi ya maji kujaa: kwa nini picha na muziki haviungani?

ngalawa_pwani: Wakuu, lengo ni taimulapsi (picha za muda mrefu zilizobanwa kuwa video fupi) ya maji ya Jambiani, Zanzibar, kuanzia yamekupwa kabisa hadi ngalawa zielee, chini yake ngoma ya chakacha. Matatizo ni matatu. Taimulapsi ya iPhone ikiachwa dakika 150 inatoa video ya sekunde 37 tu. Picha inapepesa mwanga. Na muziki unaonekana kama umebandikwa juu juu, haumkamati mtazamaji. Kosa liko wapi?

Fundi Fremu: Sekunde 37 si hitilafu. Simu hiyo huanza na fremu (picha moja moja) 2 kwa sekunde, na kadiri rekodi inavyorefuka hutupa nusu ya fremu na kupunguza kasi, ili video ibaki kati ya sekunde 20 na 40. Huwezi kupangia muziki kitu ambacho mwendo wake unaamuliwa na simu. Tafuta programu inayokuachia uweke mwenyewe muda kati ya picha na picha, au tumia kamera.

Kupepesa ni kamera kupima mwanga upya kila wingu likipita. Weka kila kitu kwa mkono: ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, rangi 5500K, fokasi imefungwa. Kwa jua la mchana vika lenzi ND1000 (kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 1000), shata, yaani muda wa kupokea mwanga, itafika sekunde 2.5 hivi na ngalawa hazitarukaruka sana, kwa sababu kila fremu inabeba mwendo kidogo. Utabaki mpepeso mdogo, maana lenzi ikijibana hadi f/8 hairudi pale pale kila picha. Huo unasafishwa kwenye kuediti.

mpiga_zumari: Hapo kwenye muziki ndipo penye utamu, na wengi wanaanza kinyume: wanapiga picha kwanza, wimbo wanautafuta baadaye.

Piga hesabu hivi. Saa 6 ukipiga kila sekunde 10 ni picha 2,160. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni video ya sekunde 86.4. Sasa chukua ngoma yenye biti (mapigo) 100 kwa dakika: biti moja ni fremu 15 kamili, mzunguko wa biti 4 ni fremu 60. Picha zako zote ni mizunguko 36, haizidi wala haipungui, na kila mzunguko ni dakika 10 za bahari. Chakacha inagawa biti mara tatu, na 15 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo hata kipigo kidogo kinaangukia fremu nzima. Ukienda biti 120 kwa fremu 25 unapata fremu 12.5, na kata moja kati ya kila mbili itachelewa au itawahi nusu fremu. Kwa 120 tumia fremu 24 au 30.

Halafu maji hayapandi sawasawa. Ukigawa ujazo wote mafungu 12, saa ya kwanza inachukua 1, kisha 2, 3, 3, 2, 1. Nusu ya maji inaingia saa ya tatu na ya nne, yaani mzunguko wa 13 hadi wa 24. Ngoma kubwa ziingie hapo, si mwanzoni. Ngoma ikivimba pamoja na maji, mtu hawezi kuondoa jicho, na hatajua sababu.

Tahadhari: rekodi za zamani zilizopigwa moja kwa moja zinapanda na kushuka mwendo. Hizo tia alama biti kwa sikio, usiamini programu.

bamvua_tu: Naafiki hesabu, ila usikate kila biti, inachosha. Maji yaachwe yatembee, sikio litajiwekea vituo.

Mmesahau siku. Nenda wakati wa bamvua (maji makubwa), siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo: maji yanakupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, tofauti inakaribia mita 4. Jambiani inatazama mashariki, hivyo alasiri jua liko mgongoni mwako wakati maji yanaingia, rangi inakolea yenyewe. Maji mafu (siku za nusu mwezi) hayafai: kina hakibadiliki vya kutosha, na yanakupwa alfajiri na jioni.

Miguu ya stendi weka juu ya vipande vya mbao, mchanga ukilowa unazama na picha inainama polepole hadi mwisho. Msimu wa upepo wa kusi ning'iniza mfuko wa mawe katikati, uguse chini kidogo, ukining'inia hewani utabembea. Kamera ifunike kwa kitambaa cheupe, na futa chumvi kwenye lenzi kati ya picha mbili.

ngalawa_pwani: Na jua likifichwa na wingu zito katikati, nifungue mwanga?

Fundi Fremu: Usiguse. Acha fremu ziwe na giza, piga RAW (faili ghafi ya picha), mwanga utaupandisha baadaye kwenye kompyuta. Andaa kadi ya GB 64 au zaidi.