Mama katolewa uvimbe wa tezi ya mate, sasa anakataa mionzi. Naombeni ushauri

Mtoto wa Mombo:
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 58. Alikuwa na kinundu chini ya sikio la kushoto, hakiumi, tukakipuuza karibu miaka miwili. Mwaka huu kikakua haraka na mdomo ukaanza kwenda upande. Wakachukua kinyama, ikaonekana ni saratani ya tezi ya mate. Alifanyiwa upasuaji Dar, leo ni wiki ya nne. Majibu ya maabara yametoka juzi: aina yake ni adenoidi sistiki, na imekutwa imetambaa kwenye mshipa wa fahamu. Ameandikiwa rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, mionzi mara 33.

Mama hataki. Kidonda kimepona, anapika, jumuiya anaenda. Jana anachambua mchicha akaniuliza, "Kama walikitoa chote, sasa wanaenda kuchoma nini?" Nilikosa jibu. Tena jirani kamwambia ukishapigwa mionzi huruhusiwi kushika watoto, na yeye analala na mjukuu wa mwaka mmoja. Nifanyeje?

Mama Tupo:
Pole sana mwanangu. Mimi nilipigwa mionzi 30 ya taya na shingo. Mjukuu atamshika kama kawaida. Mionzi ile inatoka kwenye mashine, ikizimwa imeisha, mwilini haibaki kitu.

Mwandae kwa barakoa, mimi ndiyo iliyonitisha. Ni plastiki wanailainisha kwenye maji moto, wanakulaza, wanakufunika nayo uso ikiwa bado vuguvugu. Ikipoa inashika sura yako. Kila siku wanakubana nayo mezani usitikisike. Ina vitundu, unapumua vizuri. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, kabla sijamaliza fungu moja la rozari wameshanifungua. Hakuna maumivu pale mezani.

Shida ilianza wiki ya tatu. Mate yakawa mazito kama mlenda, chai ikawa na ladha ya chuma, ngozi ya shingo ikaiva na kuwa nyeusi. Niliishi kwa mtori na uji uliopoa. Pilipili na ndimu niliziweka kando. Ladha ilirudi polepole, ila mpaka leo natembea na chupa ya maji.

Kisiki:
Mkuu, mpe mlonge na mizizi, hayo mambo ya mionzi yanamaliza watu.

Nesi wa Zamu:
Kisiki, hapana. Huyu mama ana muda mfupi wa kuanza mionzi, usimpotezee. Kama kuna mitishamba anatumia, daktari aambiwe.

Mtoto wa Mombo, swali la mama ni zuri, anastahili jibu. Daktari wa upasuaji anatoa kile anachokiona na kukishika. Aina hii ina tabia ya kufuata mishipa ya fahamu kama mzizi unaofuata ufa wa ukuta, na chembe zilizobaki humo macho hayazioni. Mionzi inazifuata hizo. Ndiyo maana wameandika hata kama kidonda ni kisafi.

Sasa jambo la haraka: meno. Je, ameona daktari wa meno? Jino bovu ling'olewe KABLA ya mionzi. Mfupa wa taya ukishapigwa mionzi unapona kwa shida sana, jino liking'olewa baadaye mfupa unaweza kuoza. Na akishang'oa, fizi inahitaji kama wiki mbili kupona, huku mionzi inatakiwa ianze karibu na wiki ya sita. Hesabu mwenyewe.

Tafuteni na pa kufikia Dar. Ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita na nusu, na kurukaruka siku kunaipa saratani nafasi. Afanye pia mazoezi ya kupanua mdomo kila siku, taya lisije likakaza.

Mtoto wa Mombo:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mama majibu yote. Ule mfano wa mzizi na ufa akaniambia nirudie. Kisha akafungua mdomo akanionyesha gego la chini, limetoboka, anasema linamsumbua tangu Pasaka na hakutaka kutuongezea gharama. Kesho alfajiri tunapanda basi kwenda kwa daktari wa meno. Dar tutafikia kwa mama mdogo, Mbagala. Amekubali, ila anataka aende na kanga yake ya kujifunika pale mezani. Mama Tupo, wataruhusu?

Mama Tupo:
Kifuani kwenda chini wataruhusu, mwanangu. Shingo tu ndiyo ibaki wazi.